Vitenge Juu ya Barafu

Mechi mia moja sitini na moja, mabao sifuri. Ukitaka kumuudhi Hénock fundi cherehani, usimwambie suruali aliyokushonea inabana. Mtajie hiyo sifuri. Ataacha cherehani, atakutazama juu ya miwani, halafu atakuuliza kwa upole wa mtu aliyekasirika kama wewe umewahi kucheza magongo ya barafuni hata siku moja maishani mwako. Hujawahi. Basi nyamaza, chukua suruali yako uende.

Ndiyo, magongo ya barafuni. Mtu wa Bukavu, mwenye duka la ushonaji Yeoville na nyumba ya kupanga Observatory, muumini asiyekosa ibada, baba wa mtoto mmoja, na kila Jumamosi mchana anavaa viatu vyenye visu chini na kukimbiza kisahani cheusi cha mpira juu ya barafu, ndani ya jumba la maduka, wakati huko nje watu wanagombania kivuli. Wateja wake wengi walidhani ni utani. Wengine walidhani ni dhehebu jipya.

Ilianza na kazi ya ulinzi. Alipofika Johannesburg, kabla hajapata hata sindano ya kuazima, alipewa sare na kuwekwa kwenye mlango wa ule uwanja wa barafu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha haingii mtu bila tiketi. Kazi aliyoifanya hasa ilikuwa kugeuza shingo. Alikuwa hajawahi kuona watu wazima wakienda mbio kiasi kile bila kunyanyua miguu. Siku moja kocha Deon, Kaburu mmoja mnene mwenye masharubu na sauti ya kuita ng'ombe, alitoka akitukana glavu yake iliyochanika. Hénock akamwomba ile glavu kwa ishara, kwa maana Kiingereza chake cha wakati ule kilikuwa na maneno kama thelathini, na kesho yake akairudisha imeshonwa kwa uzi wa viatu, imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Kocha akaigeuza, akaivuta, akauliza anataka nini. Hénock akaonyesha kidole kwenye viatu vyenye visu.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Watoto wa mchezo ule huanza wakiwa na miaka minne. Mwezi wa kwanza aliipangusa barafu yote kwa makalio, kona hadi kona, na kocha Deon alicheka mpaka akaketi. Lakini Hénock alikuwa na kitu kimoja: hakuogopa kuumia. Alisimama mbele ya kile kisahani kama mtu anayesubiri basi, kikampiga mbavuni, pajani, mgongoni, na yeye yupo tu. Msimu uliofuata akavaa jezi ya Nyegere.

Nyegere ilikuwa timu ya daraja la pili, na tuseme ukweli, hata muuza viatu aliyekuwa hatua ishirini kutoka mlangoni pa uwanja hakuijua. Wachezaji walijilipia jezi, walijilipia safari. Hénock aliwekwa beki, akabaki beki miaka kumi na miwili. Kazi ya beki ni kuzuia, na alizuia. Jino lake moja liko Durban na la pili liko Cape Town. Mara nyingine kuzuia kwa njia ya halali kulimshinda, akaangusha mtu, na hapo alipelekwa kwenye kizimba cha adhabu, kile kijumba cha vioo pembeni ya barafu ambamo mchezaji mkosaji hukaa dakika mbili wakati wenzake wanacheza pungufu. Hénock alikuwa amekaa humo dakika zaidi ya mia tatu. Kwenye hilo hakuna mchezaji wa Nyegere aliyemkaribia.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo walimcheka kwa jambo jingine pia: hakuweza kuvumilia kuona kitambaa chini. Taulo la mtu likianguka, Hénock ataliokota, atalikung'uta, atalikunja pembe kwa pembe. Hata soksi za wapinzani aliwahi kuzikunja, huko Cape Town, mdomo ukiwa bado unavuja damu.

Rafiki yake mkubwa pale alikuwa Mugambi, Mkenya, afisa wa benki huko Sandton, aliyejifunzia barafu Nairobi. Mugambi naye alikuwa beki, na wawili hao walikuwa na silaha ambayo timu nyingine yoyote haikuwa nayo. Walipigiana kelele kwa Kiswahili. "Huyo wa kushoto mwachie mimi!" "Rudi nyuma, anakudanganya huyo!" Wapinzani walisikia kila neno na hawakuambulia kitu. Kocha Deon alijaribu kuwakataza, kisha akatazama matokeo, akawaacha.

Sasa, mkewe. Clémentine alikuwa msusi, mwanamke wa maneno machache yenye uzito, na alikwenda kumtazama mumewe mara moja tu, msimu ule wa kwanza. Dakika ya tano jitu moja la Pretoria lilimbamiza Hénock ukutani. Clémentine hakujua kwamba hilo linaruhusiwa. Aliteremka ngazi, akaanza kukipiga kioo kwa mkoba, akimwita yule mchezaji muuaji na kumwuliza mama yake ni nani. Walinzi, ambao wote walikuwa wafanyakazi wenza wa zamani wa Hénock, walimtoa nje kwa heshima. Huko nje akaapa hatakanyaga tena mahali ambapo watu wanalipa ili wamwone mume wake anapigwa.

Na hakukanyaga. Kila Jumamosi alimtilia chai ya tangawizi kwenye chupa, akamfulia jezi, akabaki nyumbani. Aliyekwenda uwanjani ni binti yao Carmel, tangu akiwa na miaka mitano. Akirudi aliketishwa kwenye kigoda jikoni, kichwa katikati ya magoti ya mama, asukwe na ahojiwe. Mama aliuliza kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiingereza chake na Kizulu chake, na Hénock, aliyekuwa sebuleni na barafu juu ya goti, hakuwahi kujishughulisha na wanachosema. Alidhani ni mambo ya nywele.

Hilo goti ndilo lililomaliza mambo. Mwezi wa nane daktari alilipiga picha, akaitazama ile picha kwa muda, akauliza umri. Thelathini na tisa. Daktari akasema maliza msimu huu, halafu ukae chini ushone.

Mechi ya mwisho ilikuwa Oktoba, dhidi ya Pretoria, na mshindi angechukua ubingwa wa daraja la pili. Mugambi alipita dukani wiki ile kuchukua koti lake, akakuta Hénock ameinamia cherehani bila kushona.

"Mzee, huwezi kustaafu na sifuri," Mugambi akasema. "Hiyo ni aibu ya taifa. Mataifa mawili, maanake hata mimi niko ndani."

"Mimi ni beki. Mabeki hawafungi."

"Mimi ni beki, na nina kumi na tisa."

Hénock akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Nataka moja tu," akasema. "Sikufichi. Moja. Na nataka Mama Carmel awe pale anione. Kitu pekee alichowahi kuona ni mimi nikibamizwa. Miaka kumi na miwili ananifulia jezi, hajui hata kama ninaweza."

Mugambi akachukua koti lake, akalipa bila kuomba kupunguziwa.

Jioni ile Hénock akamweleza mkewe. Clémentine alikuwa anamsuka mteja, vidole havikusimama. Alimaliza msuko mmoja, akaanza mwingine.

"Nitakuja," akasema hatimaye. "Lakini siji peke yangu."

Jumamosi wakaja kumi na wanne. Mama Brigitte, kiongozi wa kina mama wa kanisa, ndiye aliyeongoza msafara, mwanamke mpana mwenye kigelegele kinachoweza kusimamisha magari. Walikuwa wamevaa sare ya kitenge cha njano, na juu yake kila mmoja alikuwa amejifunga kitenge kingine, na juu ya hicho sweta, na baadhi yao blanketi, kwa sababu Clémentine alikuwa amewaonya juu ya baridi. Walikaa safu mbili za mbele. Pembeni yao wazazi wa wachezaji wa Pretoria walikuwa wanane, wametulia na kahawa zao. Hawakupata tena utulivu.

Kina mama walishangilia kila kitu. Walishangilia mwamuzi alipoingia. Walishangilia kile kisahani kilipodondoshwa. Mchezaji akianguka walisema pole, awe wa timu yoyote. Kipindi cha kwanza Hénock alipata nafasi, akavuta gongo, akapiga, na kisahani kikagonga mwamba wa goli kwa mlio uliosikika mpaka kwa muuza viatu. Alishika kichwa. Kina mama wakaimba ubeti mzima, maana mlio ule uliwapendeza.

"Karibu, fundi!" Mugambi akampigia kelele. "Bado kidogo tu!"

Kipindi cha tatu Nyegere walikuwa mbele, matatu kwa mawili, na Hénock bado sifuri. Goti lilikuwa limeanza kuongea. Alimtazama Clémentine kila alipopita, na kila alipomtazama alimkuta ameketi wima, mikono mapajani, uso haumpi jibu. Anachoka, akawaza. Anahesabu dakika aondoke.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili na sekunde nne. Mugambi akateleza. Kijana mmoja wa Pretoria, mwenye mbio za kutisha, akakichukua kisahani, akapita, mbele yake amebaki kipa peke yake. Hénock akamfukuza kwa goti moja na nusu. Aliona wazi hamfikii. Akanyoosha gongo, akamzoa miguu.

Filimbi. Mkono wa mwamuzi juu. Hakuna aliyebisha, hata Hénock.

Alisimama pale akihema, akapiga hesabu, na hesabu ilimuumiza kuliko goti. Dakika mbili kizimbani. Akitoka zitakuwa zimebaki sekunde nne. Basi yameisha. Miaka yote ile, na mwisho wake ni kuketi kwenye kijumba cha vioo kama mtoto aliyesimamishwa kona, mbele ya mke wake, mbele ya kanisa zima. Alitaka kulia, na angelia kama si ile kofia ngumu kichwani ambayo hairuhusu mtu kufuta machozi vizuri. Akaanza kuteleza kuelekea kizimbani, kichwa chini.

Hapa inabidi kueleza jambo la kanisani kwao. Pale kanisani, mgeni wa heshima akifika, hajitafutii kiti. Anapokewa na protokoli, kijana nadhifu mwenye koti na tai, ambaye humtangulia, humfungulia, humwonyesha kwa mkono kiti kilichotengwa peke yake mbele ya watu wote. Na huyo mgeni akiwa wa kina mama, yaani mtoto wao, mume wa mwenzao, mtu aliyewaletea sifa, basi hakanyagi sakafu. Wanavua vitenge vyao na kumtandikia, apite juu yake mpaka kitini. Kukataa kupita ni tusi.

Na nani alikuwa anasimamia mlango wa kizimba? Mzee mmoja mstaarabu, mkazi wa mtaa wa jirani, aliyejitolea kazi hiyo na ambaye kila mechi alivaa koti la bluu na tai. Alifungua mlango wa kioo, akasogea pembeni, akamwonyesha Hénock kiti kwa mkono.

Mama Brigitte akasimama.

"Bamama! Mnaona? Mnaona protokoli anamfungulia? Wanampa kiti cha mgeni! Peke yake!"

Kigelegele kilichotoka hapo kiliwafanya wachezaji wote wageuke. Kina mama kumi na wanne waliteremka ngazi kwa pamoja. Kando ya kizimba kulikuwa na lango pana ambamo hupita mashine ya kusawazisha barafu, na aliyepaswa kulifunga alikuwa amesahau kuweka komeo. Wakaingia. Wa kwanza alikuwa Clémentine. Alifungua kitenge chake, kile cha bluu chenye ndege, ambacho Hénock alikijua uzi kwa uzi kwa sababu alikileta mwenyewe siku ya mahari, akakitandaza juu ya barafu mbele ya mlango. Wengine wakaunganisha vyao, pindo kwa pindo, wakishikana viuno wasianguke, wanaimba, mpaka zulia likamfikia Hénock miguuni.

Mwamuzi alikuwa na filimbi mdomoni ila hakupuliza. Hakukuwa na kanuni aliyoikumbuka.

Hénock akatazama vitenge. Akatazama visu vya viatu vyake. Akikanyaga, atavichana vyote kumi na vinne, na vitambaa vya namna hiyo anavijua, si vya kuchezea. Akikwepa, atakuwa amewatukana kina mama mbele ya wazungu. Wakati ule alisahau kabisa kwamba alikuwa na huzuni. Alikuwa fundi mwenye tatizo la kitambaa. Akapiga magoti, yale magoti yenye kinga nene, visu akaviinua nyuma, akaenda hivyo hivyo juu ya vitenge, hatua ndogondogo, gongo amelikumbatia kifuani.

Mama Brigitte alipoona anakwenda kwa magoti, akamwita Yesu kwa sauti. Wengine walikuwa wanalia.

"Hii ni nini?" mwamuzi akamwuliza Mugambi kwa Kiingereza.

Mugambi akavaa uso anaouvaa akikataa ombi la mkopo. "Ni mila, mheshimiwa. Ikishaanza haikatizwi katikati. Lakini haichukui muda."

Mwamuzi akasema atahesabu mpaka sitini, na mtu yeyote asiyekuwa na viatu vya barafu akibaki mle ndani, Nyegere watapoteza mchezaji mwingine. Kina mama wakaokota vitenge, wakatoka wakiwa wameridhika kabisa na kazi yao. Clémentine alikuwa wa mwisho. Akakung'uta kile cha ndege, akaingiza mkono kizimbani mbele ya mzee wa tai, akamfunika mumewe mabegani.

"Kuna baridi humo," akasema, akaenda zake.

Dakika mbili zile zilikuwa ndefu jamani. Pretoria wakamtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji mmoja zaidi, wakawa sita kwa wanne, goli lao likabaki tupu. Wakapiga kushoto, wakapiga kulia. Mugambi akazuia kwa kifua, akazuia kwa mguu, mara moja akazuia kwa uso. Hénock alikuwa amebana kioo kwa mikono yote miwili, anapiga kelele kwa Kiswahili, akimwambia rafiki yake kila kinachokuja nyuma yake.

Saa ya kizimba ikafika sifuri. Mzee akavuta mlango.

Na wakati huohuo Mugambi, amelala kwenye barafu, akakisukuma kisahani kwa nguvu zake za mwisho kuelekea katikati ya uwanja. "Fundi!" akapiga ukelele. "Goli tupu! Goli tupuuu!"

Hénock akainuka. Kitenge kilikuwa bado mabegani. Hakuweza kuingia nacho mchezoni, angepewa adhabu nyingine hapohapo. Sakafu ya kizimba, kwa wasiojua, ni sakafu chafu: maji, mate ya wachezaji wa miaka yote, uchafu wa viatu. Mtu mwingine yeyote angekidondosha akakimbia. Hénock akakivua, mkono huku mkono kule, akakikunja mara moja, mara mbili, akakiweka juu ya benchi. Ndipo akatoka.

Kisahani kilikuwa kinakuja peke yake, kinateleza taratibu, kinamjia yeye. Mbele yake hapakuwa na mtu. Alivuka mstari wa kati, akavuta gongo, akapiga, na safari hii alikipata vizuri, alisikia hadi begani. Kikaenda moja kwa moja kama rula. King'ora cha mwisho kikalia kisahani kikiwa kimebakiza hatua moja kuvuka mstari.

Wavu ukatikisika. Mwamuzi akapunga mikono chini: hakuna bao.

Kina mama hawakujua. Kwao mume wa Clémentine alitoka kwenye kiti cha heshima, akapiga, wavu ukatikisika, mambo yakaisha, na watu wa nguo za Nyegere sasa wanarukiana. Vigelegele vilipanda mpaka paa. Nyegere walikuwa mabingwa, matatu kwa mawili. Kocha Deon, masharubu yamelowa, alimkumbatia kila aliyemfikia, akiwemo mzee wa tai. Mugambi akaja akiteleza na damu puani.

"Fundi, tumeshinda! Tumeshinda! Lakini aki, ulikuwa unafanya nini humo ndani? Sekunde moja! Sekunde moja tu ungekuwa na bao lako!"

Hénock akampigapiga begani. Akarudi kizimbani kuchukua kitenge.

Clémentine alikuwa amemtangulia. Alikuwa amesimama langoni pa mashine na Carmel, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitano sasa na alikuwa amefura kwa hasira, analalamikia king'ora kwa lugha mbili.

"Halikuhesabiwa," Hénock akasema. Alitaka mkewe alisikie jambo hilo kutoka kwake, kabla Carmel hajamwambia. "Unajua, Mama Carmel? Wanaimba bure. Halikuhesabiwa. Bado ni sifuri."

"Najua. Kiliingia king'ora kimeshalia."

Hénock akamtazama. "Umejuaje?"

"Miaka kumi namsuka huyu mtoto jikoni, ulidhani tunaongea nini?"

Hénock akavua kofia ngumu taratibu. Kitu kingine kilikuwa kinamjia kichwani, kinakuja polepole.

"Basi unajua pia kile kiti si cha heshima."

"Ni cha adhabu," Clémentine akasema. "Mama Brigitte ndiye hajui, na usithubutu kumwambia. Mimi nilikuona. Yule kijana alikuwa anakwenda kufunga, ukamwangusha, ukaenda kukaa wewe ili wenzako wasiumie. Dakika mia tatu na kumi na nane umekaa humo, Papa Carmel. Carmel aliniandikia zote. Hata siku moja hakuna mtu aliyekutandikia kitu. Nilipomsikia Mama Brigitte anapiga kelele nikasema, sawa, acha akosee, leo watatandika."

Hénock alilia pale, waziwazi, na sasa hakukuwa na kofia ya kumzuia kufuta machozi. Alifuta kwa mkono wa jezi. Carmel akatazama pembeni, akaacha kulalamika.

"Lakini nikuulize," Clémentine akaendelea. "Mlango ulipofunguliwa ulichelewa. Huyu mtoto anasema ungewahi kabisa. Ulikuwa unafanya nini?"

Hénock akanyoosha mkono kwenye benchi ya kizimba. Kitenge cha ndege kilikuwa pale, pembe kwa pembe, hakijagusa maji hata tone.

"Nilikuwa nakunja hiki."

Clémentine akakipokea. Akapitisha kidole gumba kwenye ule mkunjo. Kisha akakikunjua kwa mpigo mmoja, akakitandaza chini, kuanzia langoni kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, na akawaita wenzake waje na vyao.

"Vua hayo mavisu," akamwambia mumewe. "Safari hii utapita kwa miguu, kama mtu."

Akaketi, akafungua kamba, Mugambi akamshika mkono kumwinua. Vitenge kumi na vinne vilikuwa vimetandikwa mbele yake hadi mlangoni, na kuta mbili za wanawake zikiimba. Akatia mguu kwenye ndege wa kwanza. Alikuwa amefika katikati ndipo Mama Brigitte alipoona kwamba soksi ya kushoto ya fundi ina tundu, na kidole gumba chote kiko nje.